Swali Lisilojibiwa katika Mabepari wa Venisi

Katika onyesho la mahakama, lililo ndani ya tendo la nne la tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Julius Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi, kuna hotuba moja fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Macho yao huwa yameelekea kwenye kisu. Shylock, Myahudi mkopeshaji, ameshika hati inayompa ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, na mtawala wa Venisi anamwuliza vipi atatarajia kuonewa huruma siku yake itakapofika, ilhali yeye mwenyewe hana huruma. Shylock hajitetei. Anawageukia wakubwa wa mji waliomzunguka na kuwakumbusha kuwa majumbani mwao wamo watumwa waliowanunua kwa fedha zao, na kwamba huwatumikisha kama wanavyowatumikisha punda na mbwa. Je, awaambie wawaache huru? Wawaoze watoto wao? Wawape vitanda laini na chakula kile kile wanachokula wao? Watamjibu kuwa watumwa hao ni mali yao. Basi na yeye jibu lake ni hilo hilo: nyama ameinunua, tena kwa bei kubwa, ni yake.

Mtawala hasemi lolote kuhusu watumwa. Anasema tu kwamba anao uwezo wa kuiahirisha mahakama ikiwa hatawasili mwanachuoni wa sheria aliyemwita. Antonio hasemi kitu. Bassanio hasemi kitu. Baadaye anaingia Portia katika mavazi ya kiume, anatoa hotuba yake mashuhuri juu ya huruma, anamshinda Shylock kwa hila ya kisheria (nyama achukue, damu asimwage), na tamthilia inarejea kwenye mapenzi, pete na mbalamwezi. Watumwa waliotajwa wanabaki pale pale walipokuwa.

Kimya hicho ndicho kinachostahili kuzingatiwa na mhakiki wa tafsiri hii. Swali la Shylock halikuelekezwa kwa Antonio peke yake. Limeelekezwa juu zaidi, kwa aliyekalia kiti cha hukumu. Na aliyelitia swali hilo katika Kiswahili alikuwa naye amekalia kiti kama hicho. Mwaka 1969, Oxford University Press ilipokichapisha kitabu, mfasiri wake alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, mwenye dola, polisi na magereza, na mwenye sheria ya mwaka 1962 iliyomruhusu kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mbele ya hakimu. Miaka tisa baadaye angekuwa pia rais wa vita. Ni nadra katika fasihi ya dunia mfasiri kuwa ndiye anayeulizwa.

Kwa hadhira ya London mwishoni mwa karne ya 16, mtumwa wa Venisi alikuwa mtu wa kusikika tu. Katika Kiswahili hawezi kuwa wa mbali hivyo. Lugha hii ilisafiri hadi Tabora, Ujiji na Manyema pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, na msamiati wake umehifadhi madaraja yote ya hali hiyo: mjinga aliyeletwa jana, mzalia wa nyumbani kwa bwana, mjakazi, suria, mtoro. Neno mtumwa lenyewe limo katika hali ya kutendwa. Ni mtu aliyetumwa, asiyekwenda kwa hiari yake. Mzizi huo huo umezaa mtumishi na mtume, na haikosi kustaajabisha kwamba mfasiri huyu, katika uzee wake, alizitia katika utenzi Injili nne na Matendo ya Mitume (1996). Kwa hiyo Shylock anaposimama jukwaani Unguja au Dar es Salaam na kulitamka neno hilo, hamtaji mtu wa Venisi. Mkunazini si mbali na Forodhani, na soko lake lilifungwa kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza wa tarehe 5 Juni 1873. Babu wa mtazamaji wa mwaka 1969 angeweza kuwa amezaliwa mtumwa, au amezaliwa katika nyumba iliyomiliki watumwa. Na aghalabu mtu mmoja alibeba yote mawili, hili kwa upande wa mama na lile kwa upande wa baba.

Neno la pili lenye uzito liko kwenye jalada. Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Nyerere ana mabepari, wengi. Bepari liliingia katika Kiswahili kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mtu wa biashara, na ndivyo kamusi za zamani zinavyolieleza; lakini kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa tusi la kisiasa. Kwa neno moja mfasiri amewaweka Antonio na Shylock katika tabaka moja, yule anayetuma marikebu na yule anayekopesha kwa riba. Hii ni hukumu ya msomaji makini, kwani hoja ya Shylock mahakamani ni hiyo hiyo: nyinyi na mimi ni wamoja, sote tunanunua. Hata hivyo hasara yake si ndogo. Chuki ya Wakristo wa Venisi dhidi ya dini ya Shylock inafifia. Msomaji aliyekabidhiwa neno bepari tangu jaladani humwona mnyonyaji anayelipwa anachostahiki, asimwone mtu aliyetemewa mate kwa ajili ya Uyahudi wake. Isitoshe, jina hilo la kitabu limewahukumu waliomo ndani ya mahakama, bila ya kuwataja waliobaki nje.

Kuhusu fani, washairi wa pwani waliolelewa na vina na mizani wanayo sababu ya kuiona tafsiri hii kuwa kavu. Nyerere hakutia vina. Alikwenda na mstari wa Shakespeare usio na kina, na mahali pengine mstari huo unachechemea. Mbalamwezi ya Lorenzo na Jessica katika tendo la tano inadai sikio la Mvita au la Pemba, na haikulipata. Lakini hotuba ya watumwa inafaidika na ukavu huo. Kina humbembeleza msikilizaji, humwahidi kwamba sauti itarudi nyumbani salama. Hoja ya Shylock hairudi nyumbani. Inasimama wima katikati ya chumba kama mdai asiyeondoka.

Historia ya Zanzibar ilimpa Shylock jibu, nalo lilikuwa jibu la kumkubalia. Amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa chini ya shinikizo la Waingereza miezi saba na ushei baada ya mizinga yao kulipiga kasri tarehe 27 Agosti 1896, haikutamka kwamba watumwa wote ni huru kuanzia siku ile. Ilitamka kwamba mahakama hazitalitambua tena dai la kummiliki mtu. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, na bwana aliyethibitisha umiliki wake wa halali alilipwa fidia. Aliyelipwa ni aliyenunua. Masuria waliwekwa nje ya amri, wakahesabiwa kuwa ni kama wake wa nyumbani, mpaka sheria ya mwaka 1909 ilipokuja. Bara, Wajerumani waliupunguza utumwa kwa kanuni moja moja bila ya kuufuta. Uliofutwa kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922, mwaka ule ule aliozaliwa Nyerere kule Butiama. Na visiwani wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Waliondoka tu, au walibaki kwenye mashamba ya karafuu kwa masharti mapya waliyoyavutania wenyewe na mabwana wao, na uhuru wao haumo katika daftari la karani yeyote.

Fidia hiyo haikuwa uvumbuzi wa Unguja. Tarehe 16 Aprili 1862 Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyowaacha huru watumwa wa jiji la Washington, nayo iliwalipa mabwana hadi dola 300 kwa kila mtumwa. Lincoln anastahiki kuletwa katika mjadala huu kwa sababu naye alikuwa rais wa vita aliyeishi na Shakespeare. Katika barua aliyomwandikia mwigizaji James Hackett mwezi Agosti 1863, vita vikiwa vimepamba moto, aliisifu Macbeth kuliko tamthilia zote. Mwaka 1864 alikwenda kumtazama Edwin Booth katika The Merchant of Venice mjini Washington. Mwandishi wa habari Noah Brooks amesimulia kuwa rais alimsifu mwigizaji huyo, akaongeza kuwa lau si yeye angependelea mno kuisoma tamthilia hiyo nyumbani. Mdogo wake Edwin, John Wilkes Booth, ndiye aliyempiga Lincoln risasi ndani ya ukumbi wa maigizo tarehe 14 Aprili 1865. Miezi mitano kabla ya hapo, ndugu watatu wa ukoo huo wa Booth walikuwa wameigiza pamoja Julius Caesar mjini New York. Tamthilia hiyo ndiyo Nyerere aliyoanza nayo mwaka 1963, na kuirudia kwa marekebisho mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Baina ya matoleo hayo mawili, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na rais aliyekwisha kuifasiri njama ya Brutus akalazimika kujificha.

Sifa za Lincoln husimuliwa kana kwamba alikata minyororo kwa ncha ya kalamu. Ukilisoma Tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863 hukuti ushairi. Ni hati ya wakili. Linayataja majimbo yaliyoasi, linaziacha wilaya ambazo jeshi lake lilikuwa limekwisha kuzitwaa, wala haligusi Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri, majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wake. Linajitetea kwa haja ya kivita. Alikuwa amefungwa na kile kile kilichomfunga mtawala wa Venisi: sheria aliyoapa kuilinda ilimtambua mwenye watumwa kuwa ni mwenye mali. Ndiyo maana mwezi Septemba 1861 aliibatilisha amri ya Jenerali Frémont ya kuwaacha huru watumwa wa waasi huko Missouri, na Mei 1862 akaibatilisha ya Jenerali Hunter. Wapinga utumwa wa wakati wake waliuona huo kuwa ni woga, na kwa mwaka ule walikuwa na haki ya kuuona hivyo.

Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na wengine. Mei 1861 watu watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wakitumikishwa kujenga maboma ya waasi, walivuka maji usiku hadi ngome ya Monroe, Virginia, wakajisalimisha kwa jeshi la Lincoln. Bwana wao akatuma mjumbe kuwadai. Mkuu wa ngome, Jenerali Butler, naye wakili, akakataa: ikiwa Virginia inadai kuwa ni nchi nyingine, basi sheria ya Marekani ya kuwarudisha watoro haiihusu, na ikiwa watu hawa ni mali, basi ni mali ya adui inayotumika vitani, na mali ya namna hiyo hutekwa. Hoja ya Shylock ikapinduliwa kwa maneno yake yenyewe, kama Portia alivyoipindua hati. Watoro wakafuata kwa maelfu, na kufikia mwisho wa vita watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wameingia katika jeshi la Muungano. Ukubwa wa Lincoln ni kwamba alikubali kusukumwa, kisha akasukuma. Januari 1865 alitumia kila uwezo wa cheo chake kupata kura za Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopita katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa kura 119 dhidi ya 56. Watumwa walikuwa karibu milioni nne vita vilipoanza, na marekebisho hayo hayakumtengea mnunuzi fidia yoyote. Filamu ya Steven Spielberg iitwayo Lincoln (2012) imeukuza mwezi huo wa kura hadi wenye kugombaniwa wakabaki kuwa watazamaji roshanini. Inarudia, kwa ustadi mkubwa wa picha, kosa la mahakama ya Venisi.

Vita vya rais wa Tanzania vilikuwa vya namna nyingine, wala havikuhusu utumwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Nyerere alizungumza na taifa. Maneno matatu ya hotuba hiyo, uwezo, sababu na nia, yangali vinywani mwa watu hata leo. Kinachomvutia mhakiki ni mpangilio wake. Anayeongea hapo ni mtu aliyekaa miaka na hotuba za Brutus na Antony mbele ya Warumi, akajifunza kwamba umati unaopelekwa vitani una haki ya kupewa hoja, na kwamba hoja inayokumbukwa ni ile inayoweza kuhesabiwa kwa vidole. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Miongoni mwa makamanda wakuu alikuwapo David Musuguri, mzaliwa wa Butiama kama rais wake, na safu za askari zilikuwa na vijana wengi wa mkoa wa Mara, hususan Wakuria, ambao historia yao ya kuvaa sare inarudi nyuma hadi enzi za KAR. Hotuba ile ilifasiriwa, kwa namna yake, katika miili yao.

Kwa hiyo ni halali kuuliza Mabepari wa Venisi inasemaje kwa msomaji wa huko walikotoka. Genkuru ni kijiji cha Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kiswahili pale ni lugha ya shule, ya mahakama na ya jeshi. Nyumbani ni Kikuria. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, mtu wa mkoa huo huo, aliyekutana na Kiswahili darasani alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Msomaji wa visiwani anayekiona Kiswahili cha tafsiri hii kuwa kigumu kidogo, chenye kunyooka mno, hakosei. Lakini ugumu huo unatokana na lugha isiyokua ndani ya nyumba ya bwana wala kibandani kwa mtumwa. Unguja neno mtumwa huweza kumfanya mtu ainamishe macho, kwa sababu linagusa ukoo wake au wa jirani yake. Genkuru ni neno la kitabu cha historia. Mwanafunzi wa huko anaweza kulitamka kwa sauti kubwa, na pengine ndiyo sababu anaweza kuisikia hoja ya Shylock bila ya pazia. Sanduku la dhahabu la Portia, lile ambalo ndani yake mchumba hukuta fuvu la kichwa, halihitaji tanbihi kwake.

Wala nimenunua, ni changu si kauli ngeni. Katika Mara mahari hutolewa kwa ng'ombe, na watetezi wa mila husema, tena kwa haki, kuwa ng'ombe hao ni fungamano la koo mbili wala si bei ya mtu. Lakini mume anayempiga mkewe kisha akajitetea kwa idadi ya ng'ombe aliowatoa, anazungumza hoja ya Shylock neno kwa neno. Nyerere alilijua hili mapema. Alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, baina ya 1943 na 1945, aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa kwao akitumia hoja za John Stuart Mill, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1869 aliilinganisha hali ya mke mbele ya sheria na ile ya mtumwa. Robo karne baadaye, miaka miwili baada ya Mabepari, serikali yake ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinakataza mume au mke kumpiga mwenzake, na ambayo haikuifanya mahari kuwa sharti la ndoa kutambulika. Hapo mtawala alijibu swali. Alijibu nusu, kwani sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, kinyume na Katiba kama ilivyoamua Mahakama Kuu mwaka 2016 na kuthibitisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Hata hivyo nusu hiyo ni kubwa kuliko yote iliyosemwa Venisi.

Pengine tafsiri inamgeukia mfasiri wake. Kesi inapomalizika, Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, na wanaomtendea hivyo wanayaita hayo huruma. Msomaji aliyekifungua kitabu mwaka 1971, serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha Bara, hakuweza kulisoma onyesho hilo kwa utulivu, hasa akiwa yeye au jirani yake ni wa asili ya Kihindi, ile ile iliyoleta neno bepari. Kisha Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuhamia vijijini si hiari tena, bali ni amri. Hadi kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine wakiziacha nyumba zikivunjwa au kuchomwa nyuma ya migongo yao, na Mara haikuepushwa. Huo haukuwa utumwa. Kuuita utumwa ni kuwavunjia heshima waliouzwa Mkunazini, kwani hakuna aliyemnunua mkulima wa Tarime wala aliyemtenga na watoto wake. Lakini Kiswahili kina mtego ambao Kiingereza cha Shakespeare kinao pia: kiungo kimoja, -etu, hubeba umiliki na udugu kwa pamoja. Wakubwa wa Venisi husema watumwa wetu. Rais mpenda watu husema wananchi wetu. Anayehamishwa usiku kwa lori hawezi kujua kwa sikio tu ni -etu ipi iliyomjia mlangoni, na mfasiri mwenye sikio kali kiasi hicho, aliyelipima kila neno la Shylock, alikuwa na wajibu wa kulisikia hilo kuliko waziri wake yeyote.

Mahali ambapo tafsiri ina uhai mwingi, na ambapo ukavu wa mstari unaachia, ni kwa Launcelot Gobbo, mtumishi wa Shylock, anapobishana na nafsi yake kama akimbie au abaki. Dhamiri yamwambia abaki, shetani amwambia akimbie, naye akaona shetani ndiye mwenye urafiki zaidi. Akakimbia. Ni kichekesho, na watoto wa shule hukicheza vizuri; lakini hakuna mwingine katika tamthilia nzima anayejiondolea bwana wake kwa miguu yake mwenyewe, kama walivyofanya wale watatu wa Virginia na wale wa Unguja wasioandikwa daftarini.

Na Launcelot huyo huyo ndiye anayetajwa, katika tendo la tatu, kwenye mzaha ambao wahakiki huupita mbio zaidi kuliko hotuba ya Shylock. Lorenzo anamtania kuwa amempa mimba mwanamke mweusi aliyemo katika nyumba ya Portia. Launcelot anajibu kwa kuchezea maneno, watu wanacheka, chakula kinaandaliwa. Mwanamke huyo hana jina, haonekani jukwaani, hasemi. Ukimtoa Mwana wa Mfalme wa Moroko, anayekuja kuchagua sanduku na kwenda zake, ndiye Mwafrika pekee wa Venisi hii. Mkunazini wangejua haraka cha kumwita, mjakazi au suria, na amri ya mwaka 1897 huenda ingemwacha alipo. Katika tendo la tano Portia, anaporejea usiku kutoka mahakamani alikoitetea huruma, anaiona taa ikiwaka kwa mbali katika ukumbi wa nyumba yake na kuisifu. Mwongozaji wa Unguja, au mwalimu wa Genkuru mwenye darasa moja na shuka mbili za pazia, hahitaji kuongeza hata neno moja katika tafsiri ya Nyerere ili amwoneshe mtu aliyeiwasha.